Yai Lisilochemshwa

Black Rock, Buffalo, 28 Februari 2016

Binti yangu Sandrine,

Jambo sana. Kwanza, habari za mgongo wako na makaratoni unayopanga kwenye hiyo depo? Sisi tunapumua. Goti langu la kushoto limekubali theluji, la kulia limekataa, donc ninatembea kama bata, na mtoto wako Flavia ananifuata nyuma akiniiga mpaka kanisani.

Mwandiko usiucheke. Nilisoma miaka minne tu, na mwalimu mwenyewe alikuwa mlevi. Simu siipendi: ukikohoa kidogo, imekata.

Habari yenyewe ni hii. Jirani yetu, bibi wa Kipolandi, amemfundisha Flavia mambo ya Pasaka ya kwao. Unachora juu ya yai kwa nta ya mshumaa, unalizamisha kwenye maji ya maganda ya vitunguu na siki kidogo; ukiitoa ile nta, picha inabaki nyeupe. Nikamwambia huyo bibi kwamba kwetu yai anaachiwa kuku, na zamani mwanamke akila yai watu wanashika mdomo. Alicheka, akanipa vitunguu. Jumapili ijayo tunapaka. Flavia anasema kila mtu anayemjua atapata yai lake.

Na wewe, Pasaka unakuja ao hauji? Miezi minne tangu tufike Amerika na bado hamjaonana. Mtoto anakuita "mama wa simu". Si mimi niliyemfundisha. Mimi nilimfundisha matusi tu, mawili.

Papa yako,
Zihindula

Louisville, 3 Machi 2016

Papa,

Ninakusalimia kwa heshima. Goti la kulia ulipake yale mafuta niliyotuma, usimgawie jirani. Mgongo wangu unaendelea, Mungu anasaidia.

Bosi amenipa siku tatu. Ninapanda basi Jumamosi, ninabadilisha Columbus, Jumapili ya Pasaka asubuhi niko kwenu.

Lakini Papa, ninaogopa. Nilimwacha ana miaka mitatu, sasa ana saba. Kule kambi ya wakimbizi tulimwandikisha kwenye karatasi yako ili mgao wenu wa unga uongezeke, tukaona tumekuwa wajanja. Halafu jina langu likaitwa peke yake kuja Amerika. Kila siku nikipanga makaratoni ninaukumbuka ule unga. Kwenye simu ananijibu "fine" na kukimbia. Kama akinikataa mlangoni, mbele yako, uso nitauweka wapi?

Niambie ukweli, bila mchezo: siku akipaka hayo mayai, langu atalichora nini?

Binti yako,
Sandrine

Buffalo, 8 Machi 2016

Binti yangu,

Umeshindaje? Sisi wazima, isipokuwa mikono yangu: imekuwa ya kahawia kuliko Mungu alivyoniumba, na jikoni kunanuka vitunguu kama harusi ya maskini.

Jumapili tumepaka. Yai langu lina kofia na jino moja, ambao ni uongo, ninayo matano. La marehemu mama yako lina jembe. La jirani ni pua tupu. La pasta ni tumbo. Nimeyapanga kwenye sahani, jirani akapiga picha, nimeiweka humu ndani.

Wakati wa kuchemsha nilimtania. Nilimwambia yai la kuchemsha limekufa, haliiti mtu. Kuku akitaka wageni anayalalia mabichi siku ishirini na moja, na mgeni anakuja. Alinitazama kama polisi.

Bon, ile ya yai lako uliyouliza, nitakueleza, barua imekuwa ndefu. Kula vizuri.

Papa yako, mwenye meno matano

Louisville, 14 Machi 2016

Papa,

Salamu. Mwili wangu ni mzima.

Ile picha nimeihesabu mara nyingi. Mayai kumi na moja. Hata paka wa jirani ana lake. Langu halipo. Ulijua, ndiyo maana barua ikawa ndefu ghafla.

Sikasiriki. Mtoto anachora watu alionao. Siku zangu tatu nitampa Alliance, mwenzangu wa kazini. Jumatano tarehe 23 tunasaini mabadiliko kwa bosi. Gauni nililomnunulia nitalituma kwa posta, sijui hata kama litamtosha. Usimlazimishe kunipenda.

Binti yako

Buffalo, 18 Machi 2016

Sandrine,

Salamu leo zitangoja mlangoni. Usisaini.

Ni kweli nilihesabu na mimi, nikaona aibu, nikamuuliza. Alijibu, "Babu, hiyo siwezi kusema." Nikadhani ni ukaidi wa ukoo wetu.

Tangu Jumanne chumba chake kilikuwa kinanuka. Mimi nilisema ni panya. Jirani aliponusa, alisema ni mimi. Leo asubuhi nimepiga magoti, hata lile la kulia, nikainua kile chuma cha sakafuni ambapo hewa ya moto ya kupasha nyumba inatokea. Nikaikuta soksi yangu ya sufu iliyopotea. Ndani kuna yai. Rangi ile ile ya vitunguu, na juu yake mwanamke amebeba karatoni kichwani, na mkononi ana simu. Bichi. Limepasuka kidogo, donc ile harufu.

Flavia akarudi shule akanikuta nalo mkononi. Sijawahi kumwona analia vile, hata siku tunaondoka kambini. "Babu, don't. Usilichemshe. Bado siku tisa." Akaninyang'anya, akalivisha soksi tena. Nyuma ya kitanda chake kuna mistari kwenye ukuta, ishirini na moja, amekuwa anaikata mmoja mmoja. Wa mwisho ni Pasaka.

Ni mzaha wangu, Sandrine. Yai la dukani halijui jogoo, hata likilaliwa mwaka mzima halitoi kitu. Nimedanganya askari wa mpakani, nimedanganya mapadri wawili, lakini hii nimeshindwa kumwambia. Siku ya ishirini na moja akifungua ile soksi, kitu gani kitatoka? Ni wewe tu.

Jirani anaipeleka hii kwenye posta ya haraka. Ninamsumbua na kiatu chake hajavaa.

Papa yako

Columbus, 26 Machi 2016

Papa,

Barua yako ilifika Jumatano asubuhi. Alliance alikuwa ameshasaini. Nilimwomba kalamu, nikafuta saini yake mbele ya bosi; ameninunia, lakini alinipa biskuti za safari.

Ninaandika hapa stesheni kwa sababu mikono inataka kazi. Nitaitia kwenye sanduku la hapa, donc mimi nitafika kabla yake. Wakati unaisoma hii, wewe unajua kama alinifungulia. Mimi bado sijui.

Binti yako

Buffalo, 29 Juni 2016

Binti yangu Sandrine,

Ni siku tano tangu umchukue Flavia akakae kwako. Mlifika salama? Mtoto alitapika njiani ao alilala? Hapa kuna amani nyingi sana. Ninalisikia mpaka bomba la jirani likidondosha.

Ile barua yako ya Columbus sikukwambia: ilifika Alhamisi baada ya Pasaka, ulikuwa umesharudi kwa makaratoni yako. Nilimsomea Flavia. Akaniuliza, "Alikuwa anaogopa nini? Si mimi nilikuwa nimekaa kwenye ngazi?" Kweli alikaa kwenye ngazi tangu saa kumi na moja alfajiri, na ile soksi, na harufu yake, na blanketi langu.

Bon. Leo nimeshusha kofia yangu ya kanisa, ndani nimekuta yai. Jipya, la vitunguu, uso wangu na jino moja. Nikasema, mtoto ameniachia chakula, ana adabu kuliko mama yake. Unajua mchezo wangu, ninalivunja yai kwenye paji la uso ili acheke. Hakukuwa na wa kucheka, nikalivunja hivyo hivyo.

Lilikuwa bichi.

Likateremka machoni, likapita ndevuni, likaingia kwenye shati ulilonipa. Nikakaa chini nalo hivyo hivyo, sikujipangusa.

Basi muulize, polepole, asijue kama nina wasiwasi: yai lililovunjika siku ya tano bado linahesabiwa, ao nimejiharibia? Na kama linahesabiwa, unijulishe Columbus nabadilishia basi la kwenu mlango gani, kwa sababu hili goti la kulia halipendi kukimbia.

Papa yako, na Babu yake,
Zihindula