Tundu Kwenye Swali la Kumi na Nne

Palo Alto, 4 Machi 1974

Mama mpendwa,

Hujambo? Goti limetulia? Mimi mzima, ila usingizi umenikimbia.

Kazi yangu hapa chuoni ni kujumlisha tabia za watu. Mtu hujipa alama, moja hadi saba, kwa kila neno: mkakamavu, mpole, mwenye kuthubutu. Sifa zinazoitwa za kiume nazijumlisha mbali, za kike mbali. Mtu aweza kuwa juu pande zote mbili. Katika vipimo vya zamani mstari ulikuwa mmoja: ukisogea upande wa wanawake, umeuacha wa wanaume.

Karatasi za vipimo hivyo, walizojaza wanafunzi wa shule za kwetu bondeni, zimo kabatini hapa ofisini. Jana nilikuta ya kaka Lyle, ya 1951. Swali la kumi na nne: ungependa kutengeneza injini au kutunza maua? Kwenye injini amefuta mpaka karatasi ikatoboka, kisha kazungushia maua. Juu, kwa wino mwekundu: “Apelekwe.”

Mliniambia alikufa kwa homa ya mapafu shuleni. Alipelekwa wapi?

Ijumaa ya wiki ijayo sisi makarani nasi tunajaza fomu ya sasa. Roberta, tunayekaa naye meza moja, ananicheka: “Jaza bwana, penseli haiumi!” Ile ya mazoezi nimeifuta mara mbili.

Mwanao,
Orrin

Palo Alto, 11 Machi

Mama,

Salama huko? Kimya chako kinanitisha. Nikipita penye kabati nasikia kama mtu anafuta.

Mwanao,
Orrin

Modesto, 12 Machi

Mwanangu Orrin,

Mimi sijambo, goti halina neno. Barua yako niliificha nyuma ya kopo la unga.

Lyle alikuja na karatasi ile nyumbani. Nilikuwa nasukuma unga wa pai. Akaniuliza, “Mama, mvulana hujibu nini hapa?” Nikamwambia, injini. Akazungushia. Nilipomtazama usoni nikasema, “Basi sema kweli, Lyle. Nani atakudhuru?” Akafuta.

Kwa majibu yale shule ilimpeleka hospitali ya wagonjwa wa akili. Baba yako alitia saini, nami nikatia chini yake. Homa ya mapafu ni kweli. Ilimkuta humo, ana miaka kumi na mitano.

Raba ile naisikia mezani hadi leo. Mwanangu, nakusihi: andika injini.

Mama yako

Palo Alto, 15 Machi

Mama,

Shikamoo. Pole kwa yote uliyoyabeba.

Nimejaza. Nimeandika kweli. Roberta alipojumlisha akapiga kelele: “Juu pande zote mbili! Jamani, Orrin, profesa anasema watu kama nyie ndio wazima kuliko sisi!” Wote wakacheka. Nilikwenda chooni nikalia.

Kisha nikaichukua karatasi ya Lyle. Ni wizi, najua, na naogopa. Jumapili naileta. Tundu utaliona, lakini tazama na duara la maua, mama. Amelikoleza. Hapo hakufuta.

Mdogo wake Lyle,
Orrin