Hodi Tatu za Baba

Kitura, Jumapili

Shikamoo kaka Adrian,

Mbuzi wako amezaa mapacha. Baba yuko hospitali, hawezi kuzungumza.

Ile skrini ya kompyuta uliyoiandika kwa lugha ya Java ukaiunganisha na programu ya zamani ya Kobol inayotunza hesabu, pale kwenye ghala la ushirika analosimamia baba, huchelewa kujibu. Baba alibonyeza "Toa" mara moja ili kutoa sehemu ya kahawa ya mama Hedwiga, mwanachama wa ushirika, ikakaa kimya. Akabonyeza tena na tena, kama mtu apigaye hodi. Skrini ilishika mibonyezo yote mitatu na Kobol ikaitii mmoja mmoja, ikipunguza kahawa mara tatu. Kahawa ya mama Hedwiga ikasomeka imekwisha.

"Mwizi! Umeipeleka wapi?" wanachama wakamfokea baba.

Walimburuta nje, wakampiga kwa mipini ya majembe hadi mkono ukavunjika. Victor, uliyesoma naye, alimkanyaga usoni akicheka: "Haya mzee, bonyeza sasa!"

Jana walikuja kuchoma nyumba. Unajua nilivyo mwoga wa kusema, lakini nilisimama mlangoni nikawaambia unakuja kuwaonyesha kosa la skrini, na kuifanya ipokee mbonyezo mmoja tu. Wakakubali kusubiri hadi Alhamisi.

Panga lao wameliacha mezani petu. Njoo, kaka.

Mdogo wako,
Beata