Gunia la Dirishani

Jumatano. Ukungu umeikalia Lushoto tangu asubuhi, hata barabara siioni kutoka mlangoni. Hiki ni kikombe cha tatu cha chai. Si kwa sababu ya baridi.

Kesho baada ya adhuhuri washenga wanapanda kutoka Mombo kuchukua jibu la posa ya binti yangu, Mariamu. Kijana ni mpole, ana kazi yake, na Mariamu amempenda. Tatizo ni babu yake, Mzee Salehe, aliyekuwa na banda la video hapa mtaani nilipokuwa mdogo. Mama yangu, ambaye tangu baba afariki ndiye mwenye neno la mwisho, alisema Jumapili mbele ya Mariamu: "Mjukuu wa mtu aliyetaka kuniulia mwanangu? Nikiwa hai, hapana."

Mariamu hajala vizuri tangu siku hiyo. Na mimi nilinyamaza.

Nililipenda lile banda kuliko shule. Kuta za mabanzi, mabenchi ya kutuchania nguo, runinga moja juu ya meza ndefu, jenereta ikinguruma nje. Mzee Salehe alisimama kando ya runinga akitutafsiria. Kiingereza hakujua, Kichina ndiyo usiseme, lakini hatukuwahi kukosa maneno. Mapigano yakikolea alihamia Kishambaa, na majambazi wa nchi za watu wakatukanana kama wachuuzi wa sokoni kwetu.

Alikuwa na sharti moja: dirisha la nyuma halifungwi. Tulilichukia hilo dirisha. Mwanga ulipiga kwenye kioo cha runinga, tukawa tunajiona wenyewe badala ya picha.

Jumamosi moja ya mwezi wa saba, kwa manyunyu na baridi ile ya kukata masikio, alituwekea jiko la mkaa katikati. Nilikuwa na miaka kumi na moja. Nilikwenda na mdogo wangu Hadija, wa miaka sita, tumejikinga mvua kwa gunia la nyumbani, lenye alama ya rangi nyekundu ambayo baba aliipiga kwenye magunia yake ya viazi yasichanganyike na ya wengine. Tulikaa benchi la mwisho. Katikati ya picha Mzee Salehe akatoka kwenda msikitini kuswali alasiri, akakawia. Nikapanda benchi, nikalisokomeza gunia dirishani.

Picha ikang'aa. Watoto wakashangilia, macho yote mbele, hakuna aliyegeuka kuona nani kafanya.

Kisha kichwa kikaanza kuniuma. Hadija akaniegemea, nikadhani amesinzia. Nilipomtikisa hakuamka. Nikapiga kelele. Mzee Salehe aliingia mbio, akalivuta gunia akalitupa nje, akambeba Hadija na kumlaza kwenye majani. Alitapika, akafumbua macho, akayafumba tena. Mama alipofika alikuta watu wamejaa. Hadija alikaa hospitali siku tatu ndipo akaongea. Leo yuko Korogwe, ana watoto wanne na kicheko kinachosikika bila simu.

Watu walisema Mzee Salehe kawafungia watoto ndani na moto kama vifaranga. Yeye akasema kuna mtu aliziba dirisha kwa gunia. Wakamwambia alionyeshe. Likatafutwa, halikuonekana. Banda likabomolewa wiki hiyo hiyo, akashuka Mombo na familia yake. Mama akikutana naye stendi hugeuza uso asimwamkie. Huku kwetu, kumnyima mkubwa shikamoo ni kumwambia si mtu.

Niliogopa siku ile, na nimeendelea kuogopa mpaka nimekuwa mama wa bibi harusi.

Leo saa nne nimemkuta Mama uani anamenya viazi. Nimekaa chini, nimesema yote kwa pumzi moja. Nilitegemea kofi, kwa umri wangu huu. Hakuinua kichwa. Alipojibu alijibu kwa Kishambaa, nami nayaandika kwa Kiswahili.

"Najua. Gunia la baba yako nililiokota mwenyewe chini ya dirisha. Nikalichoma jikoni kabla mtu hajaiona ile alama."

Nikamuuliza kwa nini.

"Hatukujua kama mdogo wako atapona. Wangesema umemuua wewe. Ningekuwa nimepoteza wawili."

Nimemkasirikia Mama, halafu nimejikasirikia zaidi. Kumbe miaka yote tulikuwa wawili ndani ya siri hii, na mzee wa watu alikuwa peke yake.

Nimechukua kisu, tumemenya pamoja hadi sufuria ikajaa viazi. Kisha akauliza, "Atakuja mwenyewe?"

"Wanasema atakuja, Mama."

Akafuta mikono kwenye khanga, akaniambia nitoe mkeka mpya.

Kesho mchana Mzee Salehe ataingia kwa mlango huu. Amemzidi Mama umri, kwa hiyo Mama ndiye wa kumwamkia, na ameniambia atamwamkia. Baada ya hapo zamu ni yangu, washenga wasikie na Mariamu asikie. Mama alitaka aseme yeye. Nimekataa. Gunia nililisokomeza mimi.