Kitanda Juu ya Magogo

9 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Na karakana? Sisi huku wazima. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana kama mvua imenyesha.

Nimeitwa kwenye usaili wa chuo cha uuguzi. Nimeitwa, Baba! Mwaka jana sikufika hata hapo. Ila usifurahi sana bado. Tumeitwa wengi, nafasi ni chache, na mwakani nitakuwa nimepita umri wanaoutaka. Nikikosa safari hii, basi tena.

Shangazi ananisaili jikoni. Ananisogezea mwiko mdomoni kama kipaza sauti: "Kwa nini unataka kuwa muuguzi?" Nikijibu kwamba napenda kusaidia watu, anatikisa kichwa. "Hata muuza karanga anasaidia watu. Jibu lingine!" Jibu lenyewe ni Mama, lakini tangu tumzike, nikianza kumtaja nageukia kuosha masufuria.

Niombee.

Bintiyo

17 Februari

Kifaranga wangu,

Marahaba. Mgongo upo, haunipi nafasi ya kuusahau. Msalimie dada yangu na mwiko wake.

Barua yako nimeisoma nimekalia ubao niliotakiwa kuupiga randa. Mteja akaja kuulizia meza yake. Nikamwambia binti yangu ameitwa usaili. Akasema, "Hongera. Na meza?"

Shule yangu ni ndogo, sijui wanataka jibu gani. Ninachokumbuka ni sisi wawili tukimbadilishia Mama yako shuka, wewe upande wa dirisha, mimi upande wa mlango. Ulikuwa humgeuzi mpaka yeye mwenyewe aseme "haya". Mimi nikiharakisha, unanikazia macho. Siku ulipolalamikia kiuno ndipo nilipokiinua kitanda juu ya magogo manne, usiwe unainama. Mama yako akacheka, akasema sasa anatuona utosi.

Kitanda bado kiko juu. Sijaweza kukigusa. Nalala kwenye kochi, na habari za mgongo zinatoka huko.

Kula vizuri.

Baba yako

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini hujambo. Mimi mzima wa mwili tu. Nimeharibu.

Maswali ya mdomo nilijibu. Kisha tukaingizwa mmoja mmoja kwenye chumba chenye kitanda, juu yake mwanasesere mkubwa kama mtu mzima. Kazi: badilisha shuka bila kumtoa mgonjwa kitandani. Nikasema moyoni, hii yangu.

Kitanda kilikuwa chini, Baba. Bila kufikiri nikachungulia uvunguni. Msimamizi, mama mmoja wa miwani, akauliza, "Umeangusha kitu?"

"Natafuta magogo."

"Magogo gani?"

Nikaona aibu, nikaanza kazi. Nikamwambia mwanasesere, "Nakugeuza upande wa dirisha." Halafu nikasimama. Nilikuwa nangoja aseme haya! Msimamizi mwingine akaficha kicheko kwa mkono. Mwishowe mama wa miwani akasema taratibu, "Haya." Ndipo nikamgeuza. Kengele ikalia kona mbili za shuka zikiwa bado zinaning'inia. Wenzangu walimaliza, wakabaki na muda wa kukunjua mikono ya mashati.

Nisamehe, Baba.

Bintiyo

12 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hakuna cha kusamehe. Nilipofika kwenye magogo nimecheka, kisha nimekwenda kuyatazama pale chini ya kitanda.

Nataka wakuchukue, sitakudanganya. Lakini ningekuwa mgonjwa, ningekutaka wewe, kona zikining'inia hivyo hivyo.

Niandikie.

Baba yako

5 Aprili

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu. Shangazi yako anasema unakula, basi nashukuru. Randa nimeinoa mpaka naiogopa. Majibu yakiwa mabaya, njoo nyumbani tule pamoja. Usikae nayo peke yako.

Baba yako

19 Aprili

BABA!

Shikamoo! Niwie radhi kwa kimya, sikuwa na neno la kuandika. Sasa ninalo. Nimepata!

Majina yamebandikwa leo chuoni. Nimelisoma langu, nimeondoka, nimerudi kulisoma tena. Shangazi amepiga vigelegele mpaka mlinzi akamwomba atoke. Katoka, akaendelea navyo getini.

Mama wa miwani akanikuta pale. "Wewe ndiye wa magogo?"

"Ndiyo, mama."

"Kona za shuka tutakufundisha kwa wiki moja. Lakini kumngoja mgonjwa, wapo wanaohitimu bila kujua. Haya, nieleze, magogo yenyewe ya nini?"

Nikamweleza yote, Baba. Mama, dirisha, wewe na haraka zako. Safari hii sikugeukia masufuria.

Bintiyo, mwanafunzi wa uuguzi

27 Aprili

Muuguzi wangu,

Marahaba, marahaba! Nimemwambia yule mteja, "Amepata!" Akauliza, "Nani?" Nikamketisha kwenye meza yake mpya, nikamsimulia kuanzia mwanzo. Ameondoka akifuta macho, meza kaisahau.

Jana nimemwita fundi mwenzangu tukishushe kitanda. Yeye kashika upande wa mlango, mimi upande wako. Tukainama, nami nikaganda.

"Tunangoja nini?" akauliza.

Nikatazama dirishani. Kisha nikasema, "Haya." Tukainua.

Yale magogo nakutengenezea miguu ya meza ya kusomea. Na usiku nimelala kitandani, mwanangu. Asubuhi nimeamka nimenyooka kama ubao.

Baba wa muuguzi