Picha Thelathini na Nane

Jumatatu, 8 Julai 1996
Kawangware. Nimekagua sweta za shule toka saa mbili. Kola safi. Kumi na mbili mikono imepishana urefu, nimezirudisha zifumuliwe. Wafumaji wananiita Mama Iringa, hawajui sijaolewa. Saa saba niko huru, na bosi aliyenituma kuzichukua yuko mbali, kwetu Iringa.

Kamera ya Kirusi ya marehemu baba nimeificha kwenye mzigo wa nyuzi. Wiki nzima natafuta filamu. Leo nimepata! Nyuma ya kinyozi, studio ya Fundi Wafula. Kabati la kioo limejaa: filamu, betri, lenzi kuukuu. Kwetu filamu moja unaisubiri mwezi. Nilishika kila kitu, mpaka Wafula, ambaye nimemwambia kazi yangu, akaniuliza kama nanunua au nakagua kama sweta. Nikachukua mbili. Amesema niende Kibera, juu ya reli, jua likitoka. Julai hii jua lenyewe la kubahatisha.

Jumatano, 10 Julai
Kibera! Ukisimama kwenye tuta la reli, mabati hayaishi. Watu wanatembea relini na mizigo. Treni ikipiga honi wanapisha bila haraka. Nimepiga picha: fundi viatu, nguo zilizoanikwa kule mtaa wa Raila, mama wa mandazi. Kila mmoja nilimwomba ruhusa. Wawili walikataa, nikaenda zangu.

Mtaa wa Kisumu Ndogo nikakutana na Achieng, muuza omena, yaani dagaa, rika langu. Ndiye aliyeniita. Mwaka jana aliugua sana, na mtu amempelekea mama yake kule ziwani habari kwamba anakufa. Mama halali. Binamu yake anakwenda nyumbani Jumamosi. Achieng anataka binamu aende na picha, mama aone yu mzima. Akafunga biashara, akaoga, akavaa gauni la kanisani, akakaa kitini. Nimempiga nne. Nimemwahidi Ijumaa.

Halafu maajabu: filamu ya picha thelathini na sita imenipa thelathini na nane. Kamera ya baba haina mpinzani.

Alhamisi, 11 Julai
Tupu.

Wafula ameisafisha filamu, imetoka angavu kama kioo toka mwanzo hadi mwisho. Haikushika vizuri ndani. Mimi navuta kishikio cha kusogeza filamu, nahesabu, yenyewe imelala pale pale. Wafula hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Akanionyesha nobu, kile kifundo cha juu kushoto. Ukivuta nayo ikazunguka, filamu inakwenda. Isipozunguka, unapiga hewa. Miaka sita nina kamera hii, sikuwahi kuiangalia.

Mjinga mimi. Nimelia, nikafuta machozi kwa sweta ya shule.

Keshokutwa naondoka. Kibera nzima hakuna anayejua natoka wapi. Nimelifikiria hilo, tena kwa muda mrefu. Naona aibu kuliandika.

Ijumaa, 12 Julai
Nimekwenda. Saa mbili asubuhi, filamu ya pili ndani, nobu nimeikagua mara tano. Nikamwambia Achieng ukweli wote. Aliendelea kupanga mafungu ya omena. Kisha akasema wapiga picha wawili walishampiga siku za nyuma wakapotea. Hakuna aliyerudi hata kusema imeharibika.

Nikamwomba avae tena gauni. Akakataa.

"Hiyo nguo hapana, sista. Hata maiti inavalishwa vizuri. Wacha nibebe hii beseni, mama aone shingo iko na nguvu."

Akajitwisha beseni limejaa pomoni, akaachia mikono. Pale pale njiani, na kanga yake ya kazi. Nikavuta. Nobu ikazunguka! Nikapiga, nikavuta, nikapiga, mpaka akachoka akanisema kwa Kijaluo na majirani wakaangua kicheko. Sijawahi kupiga picha nzuri namna ile.

Wafula aliwaacha wateja wake, akasafisha, akachapa. Saa kumi na moja picha ilikuwa mkononi mwa Achieng, ina unyevu bado. Aliitazama sana. Akasema binamu aonywe asiikunje.

Jumamosi, 13 Julai
Namanga, mpakani. Foleni ya forodha. Marobota yamefunguliwa, sweta zinahesabiwa upya. Basi la binamu wa Achieng liliondoka alfajiri. Jioni hii atakuwa amefika kwa mama.

Nina filamu mpya, zawadi ya Wafula. Nimeiweka nikiwa nimekaa juu ya robota. Nikavuta, macho kwenye nobu.

Imezunguka.