Leo Naenda na Bendeji ya Jana

Binti yangu,

Chai iko kwenye chupa. Kuku wameshakula. Shuka langu ~~liloweke~~ usilifue kabisa. Wakinibishia kule hospitali, uje nalo walione.

Asubuhi hii goti la bandia limetoa usaha tena, na mwili unachemka. Kila siku ya kliniki unanisafisha, unanifunga bendeji mpya, halafu wale madaktari wakubwa wananichungulia kwa mbali: "Mzee, unaendelea vizuri." Vizuri gani? Mama yako naye alioga, akapaka mafuta, wakamwona mzima, wakamrudisha nyumbani kufa.

Leo nanuka, na nimeenda hivyo hivyo. Sibanduki mlangoni kwao mpaka walifungue hili goti walioshe.

Usinune, mama. Niletee shati safi, la kurudi nalo.

Baba yako