Mtoro wa Upande wa Pili

Navakholo, Jumapili mchana

Baba,

Nimekutafuta wiki sita sasa na sikupati. Pale hospitalini, sauti yako ikiwa imebaki kidogo tu, ulinivuta karibu ukasema, "Nanjala, hata mimi nimo kwenye ile kanda. Utanijua tu." Kisha ukalala, na hukuamka tena. Ungekaa hata dakika moja zaidi uniambie ni upande gani, wimbo wa ngapi! Lakini wewe ulipenda mafumbo hata kifo kikiwa mlangoni, na mimi ndiye niliyeachiwa.

Kanda ni ileile ya kijani, yenye wapiga gitaa kumi na wanne uliowanasa redioni, kidole kikiwa kwenye kitufe, tayari kumkata mtangazaji kabla hajafungua mdomo. "Maneno yake ya nini? Gitaa linajitaja lenyewe," ulikuwa ukisema. Kwa hiyo hatukujua jina la hata mmoja. Tukawabatiza sisi. Mzee Chupa, yule wa bluzi anayeteleza juu ya nyuzi kwa shingo ya chupa. Mama Mkwe, wa roki, anayefoka wimbo mzima bila kupumua. Mjane, anayegonga uzi mmoja akanyamaza mpaka roho ikuume. Wewe ulimpenda Mzee Chupa, mimi Mjane. Kila Krismasi tuligombania kumi bora wetu, tukawaandika kwa makaa nyuma ya mlango wa jikoni, na Mama akilalamika, "Hiyo gitaa yenu yote mimi nasikianga moja tu."

Siku ya mazishi yako mlango huo uling'olewa ukawa meza ya kukatia nyama. Shangazi waliusugua kwa sabuni, wakaurudisha ukiwa mweupe. Ningewalaumu vipi watu wanaolia?

Sasa kazi yangu ni kusikiliza. Nasikiliza kabla ya kukamua, nasikiliza mpaka obusuma, ugali wa jioni, unaungua. Juzi redio iliimeza kanda. Niliutoa utepe polepole, nikauzungusha kwa kalamu, nikiuomba usikatike. Fundi mmoja wa simu pale Lubao alijaribu kuifanya simu yake itambue nyimbo. Kanda imechoka, inaburuta, na simu ikasema haimjui yeyote. Mimi niliyejigamba kwamba namjua kila mpiga gitaa kwa mkono wake, mkono wa baba yangu umenishinda.

Ubaya ni kwamba nilichowahi kusikia ni mkono wa vidole vinne. Kidole chako cha kati kilibaki kwenye nyororo ya trela la miwa kabla sijaota meno. Nikiwa darasa la nne ulijaribu kunipigia, nami nikakuambia unakwaruza sufuria. Ulicheka. Ukaliweka gitaa darini na hukulishusha tena. Baba, nilikuwa mtoto, lakini nilijua nimekuumiza, na sikusema pole. Nimekaa na neno hilo miaka yote kana kwamba ingekuja siku nzuri ya kulisema.

Kwa hiyo nakutafuta miongoni mwa wale hodari. Natamani uwe Mjane. Kila akinyamaza namwambia, sema ni wewe. Nimekata tamaa, Baba. Nikichagua vibaya nitakuwa nimemzika mtu mwingine mahali pako, na

Jumatatu

Jana niliachia hapo kwa sababu Mama alipita na beseni la nguo, na kanda ilikuwa imefika upande wa pili, kwa Mtoro.

Unamkumbuka Mtoro. Wewe unamkumbuka kuliko wote! Yule anayeanza vizuri, halafu katikati ya wimbo gitaa linaangushwa, pu, kimya. Mimi ndiye niliyembatiza. Nilisema amesikia askari wakija. Kila Krismasi ulimtetea: "Huyu mpe hata namba kumi." Na kila Krismasi nilimfuta kwa kiganja, nikisema asiyemaliza wimbo hana nafasi kwenye mlango wetu. Hukukasirika. Ulimwombea tena mwaka uliofuata.

Mama alisimama. Akasema, "Si huyo ni babako." Nikamwambia hapana, huyo ni Mtoro. Akaweka beseni chini. "Alikuwa anajirekodi na hiyo redio. Nikamuita, uchungu ilikuwa imenishika. Akatupa gitaa akakimbia kutafuta baiskeli ya kunibeba. Ilikuwa wewe hiyo." Kisha akaenda kuanika nguo huku analia, na mimi nikabaki nimekaa sakafuni.

Nilikufuta mara ngapi, Baba? Na wewe umesimama hapo unanitazama. Kwa nini hukusema? "Ni mimi," basi, na ningekupa mlango mzima. Labda ndiyo maana hukusema. Ulitaka nikusikie, na sikukusikia. Leo nimekurudia mara tatu tu, nauogopa utepe. Kidole cha kati kipo. Kinatembea kwenye nyuzi nene bila wasiwasi wowote, na mimi nimelia mpaka nikatapika.

Pole, Baba. Kwa ile sufuria, na kwa kiganja changu.

Sitakudanganya hata sasa. Mzee Chupa bado anakushinda, na Mjane pia. Nikikupa namba moja utajua ni kilio tu. Asubuhi nimechukua kaa nikaandika upya mlangoni, tisa wa kwanza kama walivyokuwa Krismasi iliyopita. Kwenye namba kumi nimeandika jina lako lote, lile la kwenye msalaba wa kaburi lako.

Gitaa nimelishusha. Lina nyuzi tatu na kiota cha panya. Nitalitia nyuzi, nitajifunza wimbo wako mpaka pale ulipoliangusha. Zaidi ya hapo haujui mtu, na wa kumuuliza nimemzika.

Nenda salama, Baba. Mlango huu hautasuguliwa tena nikiwa hai.

Ni mimi, uliyemkimbilia,
Nanjala